Mmea wa Mama Safarini

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga walisema hivyo kwa sababu shehena iliyo kichwani mwa mwingine hatuhisi uzito wake. Tunaiona imetuna tu, tukadhani ndani mna usufi mwepesi. Fundi cherehani mmoja aliisikia methali hii tangu utotoni, na kila mara aliitikia "naam" bila kuitafakari. Aliielewa akiwa ndani ya lori, umri umeshapita arobaini.

Mkewe alikuwa mkunga. Alipata uhamisho wa kwenda hospitali iliyo mwendo wa siku mbili, na nyumba nzima ikageuka makasha. Fundi alikiviringishia cherehani chake mablanketi mawili, akaapa kwamba kitasafiri mbele, mapajani mwake. Mkewe naye alikuwa na vyungu tisa vya mimea. Minane angeweza kuwaachia majirani na roho yake ikatulia. Wa tisa, wenye majani mapana ya mistari myekundu, ulitokana na tawi alilokatiwa na mama yake wiki chache kabla ya kufariki. Nyumba ya mama ilishauzwa. Hakubaki na kitu kingine kilichowahi kuguswa na mikono ile.

"Mume wangu, huu mmoja tu ukae nasi mbele," alisihi.

"Wewe nawe! Majani hayo, yana uzito gani? Nitakufungia mwenyewe, hata vumbi halitayagusa."

Kweli akaifunga yote tisa. Alichukua mifuko mirefu ya nailoni anayofungia magauni ya maharusi, akauvika kila mmea pamoja na chungu chake, akakaza mdomo wa mfuko kwa uzi, kisha akaipakia yote nyuma ya lori.

"Magauni meupe huyafunga hivihivi," alijisifu, "na sijarudishiwa hata moja kwa doa."

Mkunga alitaka kumwambia kwamba gauni halipumui, lakini dereva alikwishaanza kupiga honi.

Jua la siku ile halikuwa na huruma. Saa nane mchana walisimama kula. Mkunga akapanda nyuma ya lori, akainua turubai. Mifuko ilikuwa inatoka jasho kwa ndani. Alipoichana, mvuke wa moto ulimpiga usoni, na majani yakamjia mkononi laini kama mchicha uliochemshwa. Mimea minane ilikuwa imekwisha. Wa mama ulibakiwa na jani moja tu lililosimama, dogo, juu kabisa.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya godoro, akalia taratibu. "Mama, nisamehe."

Maneno makali fundi angeyajibu. Kilio kile kilimkata maini.

"Nitakununulia mwingine," alisema, na papo hapo akajiona mpumbavu.

"Utanunua wapi mikono ya mama yangu?"

Fundi alikiteremsha cherehani chake kutoka mbele, akakisukumiza katikati ya magodoro. Kisha akarudi kuketi mbele na mmea mapajani.

Loo, safari ikawa ndefu! Kila shimo la barabarani alikiinua chungu hewani. Jua lilipogeuka upande wake, alivua kofia akalikinga jani, upara wake ukiungua. Mgongo ulimuuma, viganja vikachubuka, usingizi akauogopa.

"Fundi, umepata mjukuu?" dereva alimchokoza.

"Nipokezane nawe," mkewe alimwambia siku ya pili.

"Pumzika, mke wangu. Wewe umeubeba miaka yote."

Walipofika, jani lilikuwa bado limesimama. Dereva akanyoosha mkono mmoja. "Lete nikupokee, chungu chenyewe kidogo."

"Tumia mikono miwili, ndugu yangu," fundi akamkemea. "Huu ni mzito."

Mkewe akasikia, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jana, akaja kuupokea mwenyewe. Hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka siku utakapoupakata wewe.