Umazi na Maji ya Utupa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Hapo kale, watu na wanyama walipochota maji katika bwawa moja, palikuwa na mchoma mkaa aitwaye Umazi, aliyeishi na mama yake mzee. Siku moja Fisi, kwa uvivu wa kuvua, alitwanga majani ya utupa, ile sumu ya samaki, akayamwaga bwawani. Samaki wakaelea, naye akashiba. Lakini bwawa lilikuwa hilo hilo tu, na waliokunywa walitapika. Mama yake Umazi akalala hoi.

Umazi akachoma vifuu vya nazi vikawa mkaa. Akaurudisha motoni chunguni, akiunyunyizia maji, mvuke ukaupenya hadi ukawa mwepesi. Akausuuza, akaushindilia ndani ya mtungi uliotobolewa chini, akamimina maji ya bwawa.

Fisi akauliza kitu cheusi kitasafishaje maji. Umazi akamweleza kwa upole kwamba mkaa ule una vishimo visivyoonekana kwa macho, na sumu hunata kwenye kuta zake huku maji yakipita. Fisi akauliza tena kitu cheusi kitasafishaje maji. Umazi akameza mate, akaeleza upya. Fisi akauliza mara ya tatu.  Umazi akakinga kata chini ya mtungi, akanywa yote mbele yake.

Hakutapika. Basi wote wakaja kunywa, na Fisi, kwa kosa lake, akaamriwa kuutunza mtungi na kubadili mkaa kila siku ya tatu.

Siku ya saba uchungu wa sumu ukarudi majini, na mama, aliyekuwa ameanza kuketi, akatapika tena. Umazi akafunua mtungi. Mkaa ulikuwa ule ule.

"Niliuona bado mweusi," Fisi akajitetea, "nikajua haujachafuka."

Umazi akashika kiuno. "Kuta zake zimejaa, Fisi. Nyumba ikijaa wageni, anayefuata hukosa pa kulala. Na sumu iliyokosa pa kunata hushuka na maji, ikaingia tumboni mwa mama yangu."

Akamsimamia Fisi achome vifuu mwenyewe. Fisi akaunguza mkaa, akarudia. Akaunguza tena, akarudia. Mara ya tatu ukafaa.

Siku chache baadaye mama aliketi, akanywa kata nzima, akakunja uso.

"Mwanangu, maji haya hayana ladha."

Umazi, masizi hadi masikioni, akavuta pumzi ndefu.

"Ndivyo yanavyotakiwa, mama," akasema, akamwongezea.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliye na kiu akanywe.