Kopo la Lemayani

Hadithi hii nimeipokea, nami naipitisha kwenu. Atakayeipeleka mbele asibadilishe majina. Mkiisoma mtajua kwa nini.

Palikuwa na mwalimu, jina lake Ndeshukurwa Pallangyo, aliyefundisha elimu maalumu kwa miaka kumi na tisa katika Shule ya Msingi Engosiro. Watoto wake walikuwa wasioona, wasiosikia, na wengine wasioona wala kusikia. Darasa lao lilikuwa chumba cha mwisho, karibu na jiko.

Mwaka wa kumi na tisa mwalimu mkuu, Bwana Zelothe Nnko, alikigeuza chumba kile kuwa stoo ya mahindi. Watoto tisa wakarudishwa makwao. Mwalimu Ndeshukurwa akaambiwa kwamba muhula ujao atafundisha hisabati, Darasa la Nne. Hakugombana na mtu. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kusema na mikono ya watoto, na alijua kwamba kazi ile akiiacha sasa, ameiacha moja kwa moja.

Basi aliposikia kwamba shule moja ya kimataifa mjini, ambayo jina lake naliacha kwa makusudi, inatafuta mwalimu wa watoto wa namna hiyo, akapeleka barua. Akaitwa kwenye usaili.

Nyuma ya meza walikaa watu watatu, lakini aliyezungumza alikuwa mmoja, ofisa wa ajira, Bwana Gaudence Kileo. Alivipitia vyeti vyake haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Kisha akauliza ni miaka mingapi ameufundisha mtaala wa kimataifa.

Mwalimu akajibu kwamba hajaufundisha.

"Miaka kumi na tisa, mama, na hukuugusa hata siku moja?"

"Haukufika Engosiro, bwana."

Wale wawili wakatazamana. Bwana Kileo akaeleza kwamba tangazo lilitaka miaka mitano ya mtaala ule, na miaka ya kazi nyingine haihesabiki. Akauliza, kwa kujua tu, huko Engosiro alikuwa akifundishia nini. Mwalimu akavitaja alivyokuwa navyo: kijiko, kipande cha sabuni, ufagio uliokatika, kamba ya kuvifungia.

Bwana Kileo akacheka kwa adabu. "Huku hatufundishi kwa vijiko, mama."

Hata hivyo, isije ikasemwa kwamba hakupewa nafasi, akamsogezea kitabu kinene. Kilikuwa mwongozo wa mtaala wenyewe, umefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja. Kila msailiwa aliulizwa swali hilohilo: aeleze mbinu iliyomo pichani. Aliyemtangulia, alisema Bwana Kileo, aliijua kwa moyo, mpaka nambari ya ukurasa.

Mwalimu akavaa miwani. Pichani palikuwa na mikono ya mtu mzima juu ya mikono ya mtoto. Mbele yao palikuwa na kamba iliyofungwa vitu: kijiko, sabuni, kipande cha ufagio. Chini ya kamba palikuwa na kopo la mafuta lililokatwa mdomo. Kidole gumba cha kushoto cha yule mtu mzima kilikuwa na kovu refu, kutoka ukuchani hadi kwenye kiganja.

Akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Kama huijui, sema huijui," akasema Bwana Kileo. "Si aibu."

Mwalimu Ndeshukurwa akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kitabu, kando ya picha.

Wote watatu wakalitazama kovu, wakaitazama picha, wakalitazama kovu tena.

Akawaeleza. Mwaka fulani alikuja mgeni kutoka ng'ambo, mwanafunzi wa ualimu. Alikaa wiki mbili, akapiga picha, akajaza daftari, akaaga huku akilia. Hakuleta barua tena. Na sasa chini ya picha pameandikwa: mwalimu na mwanafunzi, Afrika Mashariki.

Bwana Kileo akakohoa. Lile neno mama akaliacha.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mbinu hii uliibuni wewe."

"Hapana," akasema. "Aliibuni huyu mtoto. Alikuwa na miaka saba, haoni wala hasikii. Kila akimaliza uji alikitupa kijiko ndani ya kopo hili na hakutaka kukishika tena. Nilimkanya mwezi mzima, nikidhani ni utundu. Kumbe alikuwa ananiambia: hili limekwisha, lete linalofuata. Mimi nilichofanya ni kuvifunga vitu vya kazi za siku kwenye kamba kwa zamu, kijiko cha kula, sabuni ya kunawa, ili nimfuate."

Akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akaanza kuandika chini ya picha.

"Hicho ni kitabu cha shule," akasema Bwana Kileo.

"Na hili ni jina la mtoto wa mtu."

Akaandika kwa herufi za kusomeka: Lemayani Kipara. La kwake hakuliandika. Akafunga kalamu, akaaga, akatoka.

Baada ya wiki moja ikaja barua. Shule ilimshukuru na kusikitika kumjulisha kwamba hana uzoefu wa mtaala unaohitajika. Kazi alipewa yule aliyeijua nambari ya ukurasa.

Aliisoma amesimama kwenye mlango wa stoo. Akaikunja, akaingia ndani, akasogeza magunia mawili, akalitoa kopo likiwa na kamba yake ndani.

Jumatatu ya kwanza ya muhula kamba ilikuwa imefungwa mlangoni pa Darasa la Nne, na akina mama wa wale watoto tisa walikuwa wamekwisha kupata salamu kwamba wawarudishe. Bwana Nnko akaja mbio, akauliza nani ametoa ruhusa, na mambo haya yamo katika mtaala gani.

"Yamo ukurasa wa arobaini na moja," akasema Mwalimu Ndeshukurwa. "Nenda mjini ukausome. Jina la mwenyewe nimekwisha kukuandikia."

Bwana Nnko akabaki mlangoni, hajui aingie au arudi. Mtoto wa kwanza akapita ubavuni pake akiipapasa kamba, akafika kwenye kijiko, akacheka.

Funzo: Kabla hujamwuliza mtu kama amewahi kunywa maji ya bomba, uliza kwanza ni nani aliyekichimba kisima yanakotoka, na ukishalijua jina lake, litaje.