Siku Michi Iliponyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya sasa. Na ninyi wanaume mlioegemea ukuta, sogeeni. Hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, Mfalme Simba alikuwa na uwanja mkubwa wa kutwangia mahindi. Msiniulize simba na ugali wapi na wapi, hadithi ni yangu. Akina mama wa kila aina walitwanga pale, maana mwaka ule jua lilikausha kila kitu na chakula hakikupatikana kwingine. Nyapara wao alikuwa Fisi. Fisi akisema ingia, unaingia. Akisema toka, watoto wako wanalala njaa.

Fisi huyu alikuwa na tabia chafu. Humwita mama mmoja ghalani, ati wakapime mahindi. Akishaingia, hufunga mlango na kuanza kumshikashika. "Nikubalie, kazi unayo. Nikatae, kazi huna."

Akamwita Digidigi. Digidigi akatoka mbio analia, hakurudi tena.

Akamwita Swala. Swala akamsukuma, akaenda moja kwa moja kwa Simba. "Mfalme, nyapara wako ananivunjia heshima."

Simba akapiga miayo. "Fisi ni mtu wangu wa siku nyingi. Nani aliona? Labda ulimchekea."

Kesho yake Swala akafukuzwa. Mnasikia? Aliyeonewa ndiye aliyefukuzwa!

Ikafika zamu ya Kanga, ndege mjane mwenye vifaranga. Fisi alikuwa keshaanza kumkonyeza. Kanga akawaambia wenzake, "Jamani, nitaitwa. Nikikataa, wanangu watakosa chakula. Lakini simkubali, na kazi siachi."

"Sasa utafanyaje, mwenzetu?" akauliza Pundamilia.

"Nikiingia tu ghalani, wekeni michi chini. Asitwange hata mmoja."

Wakatazamana. Waliogopa, nisiwadanganye. Kisha Pundamilia akasema, "Leo wewe, kesho mimi. Tutaiweka."

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile, michi hainyamazi mchana ila kwa jambo moja tu: msiba. Kukiwa na maiti, hakutwangwi.

Kesho yake Fisi akaita, "Kanga! Njoo ghalani!" Kanga akaenda. Alipovuka kizingiti tu, michi ikawekwa chini. Twi, twi, twi... kimya.

Kijiji kizima kikashtuka. "Msiba! Nani kafa?" Tembo akaacha kuoga. Nyani akashuka mtini. Hata Simba akaamka, akatoka mbio bila kilemba. Wengine walifika uwanjani wakiwa wameshaanza kulia.

"Maiti yuko wapi?" akauliza Simba.

"Ghalani," akasema Pundamilia.

Simba akausukuma mlango. Lo! Fisi kamng'ang'ania Kanga bawa, na Kanga anamdonoa usoni kwa nguvu zake zote.

"Na-napima mahindi, Mfalme," akasema Fisi.

"Mahindi yana mabawa?" akasema Kanga.

Simba akakohoa. Aliona aibu. "Basi, rudini kazini. Mambo haya tutayamaliza ndani, kimyakimya."

Hakuna aliyeinua mchi. Akasema tena, hakuna. Akanguruma mara ya tatu mpaka vumbi likatimka, hakuna.

"Hatutwangi," akasema Pundamilia. "Fisi aondoke. Swala na Digidigi warudi. Na mlango wa ghala ung'olewe."

Swala naye alikuwa amekuja msibani. Akapenya katikati ya watu, akasimama mbele ya Simba. "Mfalme, nilikuja kwako nikiwa hai, ukapiga miayo. Leo umedhani kuna maiti, umekuja mbio. Ulitaka tufe kwanza?"

Simba akainamisha kichwa mbele ya wote. Fisi akafukuzwa palepale, Tembo akaung'oa mlango kwa mkonga wake, na Digidigi akaitwa. Swala akauchukua mchi, akatwanga wa kwanza.

Basi, wanangu, anayetumia ukubwa wake kumnyanyasa mwanamke kazini ni dhalimu, na anayeambiwa akapiga miayo ni mwenzake. Na ninyi mnaofanya kazi pamoja, mwenzenu akiitwa peke yake, msiendelee kutwanga.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye masikio aibebe, na ikimchoma mtu, ajijue.