Supu Aliyoikataa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma hawajaitika. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Fisi alichimba mashimo ukingoni mwa mto, akawa fundi wa kulainisha ngozi. Alizilowesha kwa dawa kali. Dawa ikichoka, aliimwaga mtoni. Chwaa. Chwaa.

Bondeni, kwenye bwawa la mto huo huo, waliishi Bi Kaa na jirani yake Chura. Asubuhi moja Chura alikuja analia. Viluwiluwi wake wote walikuwa wameelea, matumbo juu.

Wakaenda kwa Kiboko, mkubwa wa mto. Fisi akaitwa.

"Maji si hayo, meupe," akasema Fisi. "Watoto wameuawa na baridi. Pole sana, Bi Chura."

Kiboko akapiga mwayo. Ngozi yake ilikuwa nene, hakuwa amehisi kitu.

Bi Kaa hakubishana. Alipanda mto, kwaru, kwaru, akifunua jiwe hili na lile. Upande wa chini wa mashimo ya Fisi, maji yanakoelekea, hakukuta konokono, hakukuta kamba, hakukuta hata funza wa maji. Alipoyapita mashimo, aliwakuta tele, wanamkanyaga miguu. Na hapo matopeni akaona nyayo za Fisi, zimeteremka kunywa. Bi Kaa akacheka peke yake.

Akapika supu ya mifupa, akaalika wanyama wote. Fisi alifika wa kwanza, mate chururu.

"Karibu, kaka Fisi," akasema Bi Kaa. "Maji nimechota pale pale unapomwaga dawa yako."

Fisi alikuwa ameshainua bakuli. Akanusa. Akameza mate. Akaliweka chini.

"Leo nimefunga," akasema.

Wanyama wakatazamana. Fisi kukataa mfupa, nani alipata kuona?

"Kwani maji hayo yana nini?" akauliza Kiboko.

Fisi akainamisha kichwa. "Yanaua."

Bi Kaa akalivuta bakuli, akanywa, fyoo. "Nilikudanganya, kaka. Nilichota kule juu unakokunywa wewe."

Siku hiyo Kiboko alimtwisha Fisi tope lote la mashimo yale, alipeleke mbali na mto, wenzake wakiguguna mifupa. Konokono walirudi, taratibu, kisha samaki. Chura alichelewa sana kutaga tena.

Basi, jamaa zangu, ukitaka kuyajua maji, usitazame weupe wake. Watazame wadogo wanaoishi ndani yake. Na anayeyachafua huwa anajua, ndiyo maana hayanywi.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na hapo imeishia.