Mstari wa Chaki Bandani kwa Mwalimu Singano

"Mita hurudi, njia hairudi." Mnaisema kila siku, vijana, na leo mmeuliza ilikotoka. Ilitoka kwenye gari moja dogo la milango minne, na mambo yalikwenda hivi.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, dalali Shekiondo aliingia bandani kwa Mwalimu Singano, kijijini Kwemanga, akakuta namba sita zimeandikwa ukutani kwa chaki. Alikuwa ameitwa, naye alikuja akicheka.

"Mwalimu, wenzako wakinunua gari huenda kutembea. Wewe umenunua la kuchungulia?"

"Karibu, mzee. Chungulia na wewe."

Mwalimu alieleza bila kupaza sauti. Jumapili iliyopita, siku ya kulinunua kwa Shekiondo, mita ilisoma kilometa elfu sitini na nne. Jumatatu alfajiri ilisoma elfu themanini na sita. Gari halikuwa limetoka, wala kufuli halikuguswa. Akachora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi hadi sakafuni. Tangu hapo mstari haukukatika, na kila asubuhi mita iliongeza elfu ishirini na mbili.

Shekiondo aliinama. Tairi alizoziuza zikiwa mpya zilikuwa zimekwisha meno. Raba ya pedeli ya breki ilikuwa imelika, chuma kinaonekana. Akaitazama namba ya mwisho ukutani, akajumlisha ya kesho moyoni: laki mbili na elfu kumi na nane. Pale Kwemanga hakuna aliyeijua namba hiyo ila yeye, maana ndiye aliyeifuta.

Nyuma yake Mama Zaina, mke wa Mwalimu, alikuwa akipakia kikapu na mablanketi kwenye buti. Kesho yake wangeteremka mlima na watoto wao wanne, kwenda harusini.

"Shemeji, jasho lote hilo na baridi hii?" alisema. "Au unataka kutusindikiza?"

Angenyamaza, jina lake lingebaki safi mpaka kesho. Shekiondo alihesabu mablanketi. Yalikuwa sita.

"Msishuke nalo," alisema.

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Lilipofika namba ya kesho, breki zilikatika kwenye kona, likavaa mwamba. Boneti iliingia hadi kwenye usukani. Mwenyewe alitolewa maiti. Mimi nililinunua hivyo hivyo, nikalinyoosha, nikalipaka rangi, nikairudisha mita."

"Mzee, uliniapia halijawahi kugonga."

"Niliapa."

Mama Zaina aliteremsha kikapu, kisha mablanketi, moja moja. Mwalimu alifunga banda kwa kufuli lake. Shekiondo akaongeza kufuli lake mwenyewe, akaenda na ufunguo.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, walifungua wote watatu. Makufuli yote mawili yalikuwa mazima. Mstari wa chaki haukuwa umekatika. Ukuta wa mbele haukuwa na mkwaruzo. Boneti ilikuwa imekunjamana hadi kwenye usukani, na mita ilisoma laki mbili na elfu kumi na nane.

Shekiondo alipapasa bati. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa ndani ya mikunjo.

Mama Zaina alimtazama.

"Umeona, shemeji?" alisema. "Mita hurudi, njia hairudi."