Kivuli Kikizidi, Mlinzi Husinzia

"Kivuli kikizidi, mlinzi husinzia." Babu Mkude alimrushia binti yake maneno hayo alipomwona akimvisha mwanawe sweta la pili katika jua la Morogoro. Wajukuu wakacheka, wakataka kujua yametoka wapi.

Methali hii ilianza hivi.

Kobelo alitunza bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini, na alilipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa maziwa. Mkewe, Zamoyoni, aliwafundisha humo akina mama kuogelea. Mwanzoni kila asubuhi Kobelo alitia klorini ya unga, dawa inayoyalinda maji yasiharibike. Ikifika saa sita, jua limeshaila yote. Ndipo akapata vidonge vyenye kinga: ndani mna dawa ya pili inayoisitiri klorini na jua, kama kivuli kinavyomsitiri mlinzi. Maji yakang'aa, Kobelo akatamba.

Basi kila yalipofifia, alidondosha vidonge vingine. Klorini ilifanya kazi, ikaisha. Kivuli, yaani ile dawa ya pili, hakikuisha: jua halikili, na maji yakikauka hakiondoki nayo. Naye Kobelo, aliyekulia kuchota maji mbali, aliona kumwaga bwawa ni dhambi. Aliongezea tu yaliyopungua.

Siku moja maji yakaamka kijani kama mlenda. Meneja akaapa: yakiwa vile hadi Jumamosi, darasa la akina mama limekufa.

Kobelo akapima, akamgeukia mkewe. "Klorini imejaa tele, Mama Semeni! Hapa ni mafuta ya nywele za wanafunzi wako."

"Nywele zetu zimekukosea nini?"

Zamoyoni akajaza chupa maji yale, akaipeleka kwa muuza dawa za mabwawa, yakapimwa. Alirudi anacheka peke yake.

"Baba Semeni, mlinzi wako yupo, ila umemjengea kivuli juu ya kivuli. Kalala fofofo, mwani unamchezea ngoma kifuani. Mwaga nusu."

"Nusu ya bwawa? Bora unimwage mimi!"

"Nikumwage, nani atakuokota?" Kisha akashusha sauti. "Mama Chausiku ameogopa maji maisha yake yote, na juzi ndiyo kwanza ameelea. Usimrudishe ukingoni, mume wangu."

Kobelo akafungua bomba la kutolea maji, akageuza uso kama mtu anayechinjiwa jogoo wake. Wakajaza maji mapya, wakatia klorini ya unga, bila vidonge. Kivuli kilikuwa kimepungua, mlinzi akaamka. Jumamosi vigae vya chini vilihesabika.

Mama Chausiku akaanza kuvuka. Kobelo akamfuata ukingoni na ufito mrefu. Kila alipopiga mikono, Kobelo alimsogezea ashike.

"Baba Semeni, ondoa ufito wako!" Zamoyoni akapaza sauti toka majini. "Hujakoma tu? Kivuli kikizidi, mlinzi husinzia!"

Kobelo akauvuta ufito, roho mkononi. Mama Chausiku akayumba, akameza maji, akapiga teke, akagusa ukuta wa pili. Akatema, akawageukia wenzake waliosita ng'ambo.

"Mmesikia, jamani? Kivuli kikizidi, mlinzi husinzia. Ingieni!"