Kamera Saba Mlimani

Kaeni, wapendwa. Leo sitapaza sauti, na spika ile ya nyuma najua haifanyi kazi tangu Pasaka, kwa hiyo walio nyuma wasogee mbele kidogo. Nimechoka. Nasema wazi kwa sababu mnaniona. Na nikizitazama nyuso zenu, naona sijachoka peke yangu. Somo mmelisikia likisomwa, sitalirudia. Nitawapa mfano mmoja tu.

Kulikuwa na mfuata nyayo mmoja katika kambi ya wawindaji, kule milimani. Jina simpi, maana nikimpa mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na hamtanisikiliza tena. Kazi yake ilikuwa hii: kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa, yeye hupanda mlima kutafuta mnyama aliko. Mgeni akija na kibali chake hana wiki mbili za kuzungukazunguka. Anataka aambiwe dume yuko bonde lile, anapita njia ile, saa fulani. Na mwaka huo aliyetafutwa alikuwa dume mmoja wa tandala. Tandala mnamjua, mwenye pembe zilizojisokota na mistari myeupe ubavuni. Huyu alikuwa mzee, pembe kama zake hazijapata kuonekana kambini, na msimu uliotangulia walimwona mara moja tu kwa mbali.

Ndugu yetu alikuwa na misimu ishirini na miwili katika kazi hiyo, na magoti yalikuwa yameanza kugoma. Bosi wa kambi, kijana aliyeachiwa kambi na baba yake, alimwita akamweleza bila ukali wowote kwamba mgeni anafika siku ya kwanza ya msimu, na kama dume hajajulikana aliko, basi kazi ya kuongoza itakwenda kwa mtu mwenye miguu mizima. Hebu jiwekeni katika nafasi yake. Miaka hamsini na sita, magoti mabovu, hajui kazi nyingine isipokuwa kusoma ardhi. Akitoka hapo, nani atamchukua?

Akapewa kamera saba. Si kama zile za harusi. Hizi, kila moja unaifunga kwenye mti unaondoka zako, na chochote kitakachopita mbele yake, inakipiga picha yenyewe na kuandika saa. Baadaye unarudi, unatoa kadi, unaitia kwenye kifaa kidogo chenye kioo, unaona nani alipita wewe ukiwa hupo. Ni kitu kizuri. Siwalaumu waliokitengeneza.

Kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi kama alivyofundishwa na baba yake. Alikuwa na kifuko cha majivu kiunoni. Anakitikisa, majivu yanatoka kidogo, anaona upepo unakwenda wapi. Kisha anachagua jiwe ambalo upepo unamjia usoni, ili harufu yake isimfikie mnyama, anakaa. Nusu siku amekaa tu, hana anachofanya, anatazama. Ukimwona ungesema mtu huyu mvivu. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alipopata kamera, kile kifuko alikitundika kwenye msumari nyumbani, na hakukichukua tena.

Kamera sita alizifunga kwenye mapito. Ya saba aliifunga mahali penye udongo wa chumvi, wanapokuja wanyama kulamba. Bosi alimwagiza asizitembelee mapema, aziache wiki mbili. Akaziacha, akapanda. Kwenye kamera ya saba akamkuta. Dume mzima, shingo imenyooka, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Yule mzee alikaa chini akalia, si kwa huzuni. Aliona kazi yake imesimama kwa miguu minne.

Shida ilianzia hapo hapo. Kwa ile furaha hakuweza kungoja wiki mbili nyingine. Akapanda baada ya siku nne. Akakuta picha ya mgongo na mkia, dume anaondoka. Akaingiwa na wasiwasi, akapanda baada ya siku mbili. Nyani watupu. Kesho yake akapanda tena, akakuta kanga. Kadiri picha zilivyopungua ndivyo alivyozidi kupanda, na kadiri alivyopanda, jasho lake na harufu ya dawa ya magoti vilibaki kwenye kila jani la mapito yale. Alikuwa amekaa porini miaka yote hiyo, na hili alilijua. Lakini hofu ikikukaa kifuani, hata unalolijua hulikumbuka.

Kati ya safari na safari alishuka nyumbani, na mkewe alikuwa akimkanda magoti kwa maji ya moto. Siku moja mkewe alimuuliza.

“Baba watoto, ukipanda kesho, unakwenda kumtafuta mnyama au kutazama kamera?”

“Nakwenda kuona kama amepita.”

“Na akija wewe ukiwa pale pale?”

Akamjibu kwa uchovu, “Hawezi kuja nikiwa pale, mama. Huyo huja nikiwa sipo.”

Mmesikia jibu hilo? Mtu aliyetumia maisha yake kukaa karibu na wanyama, sasa anaamini kwamba mnyama huja yeye akiwa hayupo. Nitalirudia jibu hilo mwishoni.

Zilibaki siku tano msimu ufunguliwe, bosi akaagiza kamera zote zishushwe. Akapanda mara ya mwisho. Akazifungua zile sita, akazitia begani. Akafika kwenye chumvi, mbele ya ile ya saba, miguu ikakataa. Akakaa kwenye jiwe apumzike. Akatoa kile kifaa chenye kioo, akaitafuta picha ya kwanza, ile ya saa kumi na mbili na robo, akaitazama. Akaikuza, akazitazama pembe. Akakaa nayo muda mrefu. Kisha akainuka, akaifungua ile ya saba kwenye mti bila hata kuikagua, akashuka nayo. Alimwambia bosi kwamba mlima hauna kitu, dume amehama.

Bosi hakubishana naye. Alichukua kadi moja moja akaitia kwenye kompyuta.

“Mzee, huyu ni nani?”

“Ni mimi.”

“Na huyu?”

“Mimi, bosi.”

Wakaendelea hivyo. Kofia yake. Mgongo wake. Uso wake umeinama mbele ya kamera, umejaa picha nzima, pua kubwa. Picha zaidi ya mia tatu, na karibu zote ni yeye akija kuangalia kama kuna mtu amekuja. Akaona haya. Akasema ahurumiwe, alikuwa na wasiwasi. Bosi akafika kwenye kadi ya kamera ya saba, akatazama picha za mwisho. Akaigeuza kompyuta imwelekee mzee.

Pichani alikuwa yeye, amekaa kwenye jiwe, kichwa chini, kifaa mapajani. Nyuma yake, kama hatua thelathini, amesimama dume. Mzima, pembe zote, amegeuza kichwa anamtazama. Siku hiyo, kwa bahati tu, upepo ulikuwa unatoka kwa mnyama kuja kwa mtu. Picha zilikuwa tatu, na kwa saa iliyoandikwa, dume alisimama pale dakika kumi na moja.

“Mzee, hapa ulikuwa unatazama nini?”

“Nilikuwa natazama picha yake.”

Naona wengine mnacheka. Chekeni, na mimi nilicheka. Mtaniuliza kazi alipewa au hakupewa. Dume walijua aliko, hajahama. Siku ya kwanza ya msimu mgeni alipelekwa kwenye chumvi ile ile. Aliyemwongoza ni mtu mwingine.

Sasa sisi. Sisemi ninyi, nasema sisi, na ningependa leo mniruhusu nianze na mimi.

Jumatatu tuna kikao cha wazee wa kanisa. Jumanne kwaya ya kwanza, Jumatano kamati ya maendeleo, Alhamisi kwaya ya pili kwa sababu ya kwanza na ya pili hazielewani. Ijumaa maombi, na baada ya maombi kikao cha kutathmini maombi. Jamani, tunatathmini maombi! Tunaomba jioni, asubuhi tumeshapanda kuangalia kama kuna kilichopita. Tukikuta hakuna, tunaongeza kikao. Na kila mahali tunapomtafuta Bwana tumeacha jasho letu. Siku nikiyafungua haya yote niliyoyafanya mwaka huu, nitamkuta nani? Nitamkuta mchungaji anafungua mkutano. Mchungaji anafunga mkutano. Uso wa mchungaji umejaa picha nzima.

Na ile picha ya kwanza tunayo. Mnaikumbuka, ule mwaka tulipoezeka kanisa hili, watu wakalia, walioacha kusalimiana miaka wakashikana mikono pale mlangoni. Kweli Bwana alipita. Lakini ni miaka tisa sasa, na kila Jumapili ya mavuno tunakaa kwenye jiwe tunaikuza picha ile ile.

Yule mzee alisema, hawezi kuja nikiwa pale. Na sisi ndivyo tunavyoamini, ingawa hatusemi. Tunaamini Bwana alikuja jana, au atakuja kwenye semina ya mwezi ujao. Kwamba yupo hapa hapa, nyuma ya mgongo, wakati tumeinamisha vichwa tukishughulika na habari zake, hilo hatuliamini.

Niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mzee Ambakisye, tuliyemzika mwezi uliopita. Mnajua nilikwenda kumwona wiki ile ya mwisho, mkanisifu kwamba mchungaji hakumwacha. Nilikwenda kweli. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Lakini simu ilikuwa mkononi, nasoma muhtasari wa kikao cha kamati, maana jioni ile nilitakiwa kuusahihisha. Unahusu huduma ya kutembelea wagonjwa. Mzee akawa anaongea, sauti yake imeshuka, mnakumbuka ilivyokuwa. Mwishoni aliniuliza kitu. Nilijua ameuliza kwa sababu alinyamaza akaningoja. Nikamjibu, “Ndiyo, mzee.” Akatabasamu, akanishika mkono, akafumba macho apumzike. Siku ya tatu akafariki.

Mpaka leo sijui nilimkubalia nini. Huenda aliniomba kitu na anangoja nikitimize. Huenda aliniuliza kama Bwana yupo pale chumbani, nikamwambia ndiyo, na yeye akamwona, mimi nikiwa nasahihisha nukta na koma. Linaniuma, wapendwa. Uchovu mnaouona usoni kwangu chanzo chake ni hicho, si kazi nyingi.

Basi. Jumatano hii hakuna kikao, na Ijumaa tutaomba na kwenda nyumbani. Kwenye mahubiri haya nimebakiwa na dakika kumi na moja kwa saa ile ya ukutani. Sitazitumia. Nashuka hapa, nakwenda kukaa kwenye benchi pale kando ya Mama Ambakisye, kama ataniruhusu, na sote tutakaa hivi hivi bila kufanya chochote. Zimeni simu. Katibu, ndugu yangu Anyosisye, na wewe weka kalamu chini. Hili usiliandike.